Khamis hataki kuja harusini

Wete, Pemba
Januari 2026

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Na wifi yako wa Mbagala, mguu umepona? Sisi huku wazima alhamdulillah, ila mgongo wangu na kazi ya karafuu havijapatana, na wachumaji wananidai hesabu yao kila asubuhi kabla sijatia majani kwenye chai.

Barua hii anakuletea mtoto wa Bi Mize, pamoja na halua na kile kikapu. Najua utacheka: mtu ana simu mbili, anakuandikia barua kama vile bado tuko skuli. Lakini haya siyataki kwenye simu. Simu yangu inashikwa na kila mtoto humu ndani, halafu tangu siku zile za Oktoba nimekuwa naandika ujumbe naufuta, naandika naufuta. Si kwamba nina la siri. Basi tu.

Jambo lenyewe ni hili. Zuleikha wangu anaolewa, insha Allah, kabla ya Ramadhani. Mwanamme ni yule kijana wa Bwana Faki, unamjua, hapo sina la kusema. Wali wa kumwozesha, kwa kuwa marehemu baba yake hayupo, ni baba yake mkubwa, shemeji Omar. Na shemeji Omar ni sheha, mtu wa serikali hapa mtaani. Na kaka yangu Khamis kasema hatii mguu nyumba anayoozesha sheha. Mjomba mtu, Raya! Kasema mchele atatoa, mbuzi atatoa, lakini yeye mwenyewe asingojwe. Nikamwambia mbuzi hatakaa mkekani kumwombea dua mtoto. Akanyamaza, akavaa makubadhi yake, akatoka.

Ungeniuliza mwezi wa kumi na moja ningekwambia hizi ni hasira za uchaguzi, zitapita. Hazikupita.

Unakumbuka tarehe 29 Oktoba ilivyokuwa. Sisi huku tumezoea balaa la uchaguzi lianzie Pemba, watu wakanunua unga na sukari wakajifungia. Kumbe safari hii limewaka kwenu bara. Jioni ile ile Mkuu wa Jeshi la Polisi akatangaza watu wa Dar es Salaam wasitoke majumbani kuanzia saa kumi na mbili, na intaneti ikazimwa. Wewe nikakupigia hupatikani. Nassor wa shemeji Omar, yule anayeuza spea za pikipiki, hapatikani. Baadaye tukasikia kuwa alikamatwa njiani akirudi kwake, magharibi imeshaingia. Yuko wapi, mzima au si mzima, hakuna ajuaye.

Omar akawa anakuja kukaa barazani kwangu, redio sikioni, chakula hataki. Siku moja akasema kwa sauti, watu wapo: "Hivi kwa sheria gani mtu anakamatwa anakwenda kwake?"

Khamis alikuwepo. Akacheka. Alicheka, Raya, mbele ya mtu ambaye hajui mwanawe yuko wapi! Akamwambia, "Suali hilo nilikuuliza mimi mwaka 2015. Ulinijibu nini?"

Na ni kweli alimuuliza, nilikuwepo vile vile. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kupiga kura, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipotokea kwenye televisheni akasema uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile, kwenye vituo vile vile, na watu wale wale, zikabaki halali. Khamis akawa anazunguka na katiba mkononi, kila anayemkuta anamtaka amwonyeshe kifungu kinachompa mwenyekiti uwezo wa kufuta. Akamfikia Omar. Omar akamjibu: "Serikali imeshaona, wewe unataka kifungu cha nini?" Machi 20, 2016 ukaja uchaguzi wa marudio, wenziwe Khamis wa upinzani wakaususia, Dokta Shein wa CCM akapata asilimia 91. Khamis na Omar hawakusemezana tena mpaka marehemu alipofariki, na hata siku ile walishika jeneza kila mmoja upande wake.

Basi miaka kumi imepita, suali ni lile lile, aliyeulizwa ndiye muulizaji, na aliyechekwa ndiye anayecheka. Jibu hakuna aliyelitoa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata harusi yenyewe. (Uongo. Harusi inaninyima usingizi zaidi, bado sijapata mpishi.)

Salum wangu, anayesoma sheria Unguja, alipokuja likizo nilimwambia anieleze. Akanionyesha ibara ya 32 ya Katiba ya Muungano. Rais anaweza kutangaza hali ya hatari, ndiyo, lakini tangazo lazima lipelekwe kwa Spika, Bunge likutane ndani ya siku kumi na nne, na theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, la sivyo linakufa. Utaratibu upo, umeandikwa, tena kwa Kiswahili. Nikamuuliza, mbona mimi sikusikia Spika akiita mtu Oktoba? Akasema, "Mama, utaratibu ule unamfunga anayetangaza. Asiyetangaza hafungwi na kitu." Nilimtazama mtoto huyu nikaona ada yake haikupotea bure.

Akaniambia pia nisidhani ni sisi tu. Marekani, Rais Carter alitangaza hali ya dharura kuhusu Iran Novemba 1979, sisi hata hatujajua kusoma, na mpaka leo kila mwaka rais aliyepo anaihuisha, awe wa chama hiki au kile. Nikasema sawa, lakini Carter hakuzima simu yangu.

Lakini nataka kukwambia ninachokiona mimi, na huku nikikisema kila upande utaniweka upande wa pili. Serikali yoyote ikipata msukosuko itaomba nguvu zaidi, na ikiachiwa itazichukua bila kuomba. Hilo silishangai. Ninachoshangaa ni kwamba sisi ndio tunaozipokea kwa vigelegele, ilimradi anayepigwa nazo ni wa upande wa pili. Omar hakutaka kifungu mwaka 2015 kwa sababu kifungu kingemsaidia Khamis. Khamis hakutaka kumsaidia Omar kukitafuta mwaka jana kwa sababu Omar ameonja. Wote wawili wana akili timamu. Wote wawili ukiwakalisha peke yao watakwambia mtu hakamatwi ovyo.

Kumbuka korona. Mei 2020 hesabu ya wagonjwa ilisimama kwenye 509, kwisha, hatukuambiwa tena. Maradhi! Kitu kisichojua chama cha mtu. Lakini hapa mtaani barakoa ikawa kama kadi ya chama: ukiivaa wewe mpinzani, ukiivua wewe wa serikali. Mimi nilikuwa naivaa dukani na kuivua nikipita maskani, pale barazani kwa watu wa chama, sasa sijui nilikuwa chama gani. Mwisho wa Januari 2021 chama cha Maalim Seif kikatangaza kuwa mwenyewe anaumwa korona, na Februari tukamzika hapa hapa, Mtambwe. Watu wa pande zote walikuja. Nilidhani baada ya pale tutaanza kuulizana mambo ya maana. Tulianza kuulizana nani alikuja na nani hakuja.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema haya si mageni. Zama za siasa, kabla ya Mapinduzi, watu walifika kususiana maduka, gari, mpaka maziko. Uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja, wakarudia Juni, Unguja ikawaka, wakafa watu sitini na nane. Mwingereza akatangaza hali ya hatari, akaleta askari kutoka Kenya. Mama alikuwa mwari wakati ule, na alichokikumbuka si askari. Alikumbuka kwamba walioshangilia askari walipokuja ndio waliokuja kulia baadaye, amri zile zile zilipokuwa mikononi mwa wengine. Mama siasa alikuwa hazitaki, lakini hilo alilirudia kila uchaguzi.

Simsemi Khamis bure lakini. Wewe unajua alikotoka. Januari 27, 2001 alikuwa kwenye maandamano hapa hapa Wete, maandamano yamepigwa marufuku, na risasi zikapigwa. Tume ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Khamis alivuka na mashua usiku mpaka Shimoni, Kenya, yeye na watu zaidi ya elfu mbili, na miezi ile mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mama uongo kwamba kaandika barua. Mtu wa namna hiyo humwambii "samehe" ukategemea akuitikie labeka. Na Omar naye, usheha wake umempa nini? Kila uandikishaji wa wapiga kura watu wanamjia juu, nani mkaazi na nani si mkaazi, huyu kamkataa, huyu kampitisha. Duka lake lilisusiwa mwaka 2016 mpaka mchele ukaingia funza. Mwanawe wa mwisho alipozaliwa hakuna jirani aliyeleta uji. Hayo nayo Khamis aliyacheka, na mimi sikuyapenda.

Lakini uliwahi kuwaona wale wawili baada ya kura ya maoni, Julai 2010? Asilimia 66 walisema ndiyo, serikali ya umoja ikaingia, na wale watu wawili wakawa wanakunywa kahawa pamoja pale kwa Mzee Haji, wanabishana mpira. Wewe ndiye uliyeniambia, "Tazama, kumbe hawa wanapendana." Sasa ile haikuwa sheria iliyowakalisha, au ndiyo? Nimelifikiria hili nikachoka. Kama wakubwa wakipatana sisi tunapatana, na wakigombana sisi tunagombana, basi sisi wenyewe ni...

Nimeitwa mlangoni, nimerudi, nimesahau nilikuwa nasema nini. Mnunuzi wa makuti.

Haya, Nassor aliachiwa, anavyosema yeye hakuulizwa kitu wala hakuambiwa kosa lake. Omar tangu siku ile kabadilika kidogo, lakini usheha hajauacha, na suali lake halirudii tena mbele za watu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe unataka mtoto aolewe au unataka maneno?" Unaona? Kila mtu ana lake la kulinda. Na Khamis sasa anasema akija harusini itaonekana amekubali. Amekubali nini? Hata yeye hajui kunijibu. Anasema tu, "Itaonekana."

Sasa ombi langu, na usinikatalie. Mpigie Khamis. Mimi hanisikilizi, mimi ni dada tu. Wewe anakusikiliza, na sababu unaijua, usijifanye umesahau yale mashairi aliyokuwa akikuletea kwenye kitabu cha jiografia. Mwambie chochote. Usimwambie siasa. Mwambie Zuleikha analia, ambalo ni kweli, ingawa analia pia kwa ajili ya rangi ya nguo. Ukiona anaanza 2015, mwachie aseme mpaka amalize, hatakwenda haraka, weka vocha ya kutosha. Halafu muulize swali moja tu: siku Nassor alipokuwa hajulikani alipo, yeye alimwombea au hakumwombea? Maana mimi nilimwona msikitini alfajiri ile, na kijana wa Bwana Faki aliyekuwa safu ya pili aliniambia alichelewa sana kunyanyuka kwenye sijida. Lakini mimi siwezi kumwambia kwamba najua.

Na Kariakoo nitazamie doti za kanga, zenye jina la maneno ya baraka, si ya kutupiana vijembe tafadhali, na udi wa kawaida tu, na bei uniambie kabla hujalipa.

Na wewe je? Hukuniambia hata siku moja usiku ule mlilala vipi. Mlikuwa na maji ndani? Yule jirani yako wa ghorofa ya chini, mwenye bendera dirishani, mnasalimiana bado? Mwanao aliyekuwa kazini Ubungo alirudi siku ile ile au kesho yake? Kwa nini kila nikikuuliza unabadilisha mazungumzo, au na wewe unaandika unafuta? Harusini utakuja na boti ya lini, na utashukia Mkoani au Wete, nimpange mtu wa gari? Na ukija, utakaa upande gani mezani, maana wenzako watatazama?

Nijibu na mtoto wa Bi Mize, anarudi wiki ijayo. Kikapu usisahau kukirudisha, si changu.

Wako shogayo,
Subira