Barua kwa mwanangu: Hatua 23 za Wijk aan Zee

Mwanangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako tuliipokea, nami nilifurahi kusoma kwamba umechaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya sataranji ya muhula ujao. Umeniandikia pia kwamba unapenda kushambulia, lakini mara nyingi unamtoa farasi au askofu ili umfichue mfalme wa mwenzako, kisha shambulio linapoa katikati nawe unabaki na kete pungufu. Sitakushauri uache kushambulia. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujaitoa kete yoyote, ujiulize ni njia ipi itakayofunguka kwa kete zako zilizobaki, na ni ipi itakayozibika kwa mpinzani. Chukua ubao wako, upange kete, usome barua hii ukiwa unacheza. Hatua 12 za mwanzo nimekunakilia kwenye karatasi ya pili, kwa hiyo hapa sitazieleza.

Mchezo huu ulichezwa Januari 2013 huko Wijk aan Zee, mji mdogo wa pwani ya Uholanzi. Levon Aronian wa Armenia alikuwa na kete nyeupe. Nyeusi alikuwa nazo Viswanathan Anand, Mhindi wa kwanza kupata cheo cha grandimasta, yaani cheo cha juu cha mchezaji wa sataranji, ambaye wakati ule alikuwa bingwa wa dunia. Wengi wakiulizwa shambulio kuu la mji huo huutaja mchezo wa magwiji Kasparov na Topalov wa mwaka 1999, nami siwapingi, lakini kwa mtu anayejifunza naona huu unafaa zaidi, kwa sababu ni mfupi na kila hatua yake inaweza kuelezwa.

Kumbuka kwamba herufi a hadi h ni safu za kusimama, kuanzia kushoto kwa nyeupe, na namba 1 hadi 8 ni mistari ya kulala, kuanzia upande wake. Anzia hatua ya 13, pale farasi wa Aronian anapokila kitunda, ile kete ndogo ya mbele, cha h7. Najua ungetamani kumla farasi huyo papo hapo kwa farasi wa f6. Ukifanya hivyo, askofu wa d3 anakula h7 kwa cheki, yaani anamtishia mfalme wako moja kwa moja, na kete zako zinarudi nyuma kujilinda. Anand hakumgusa. Alimpeleka farasi wake g4, ambako yeye pamoja na askofu wa d6 wanakilenga kitunda cha h2 mbele ya mfalme mweupe. Aronian akasogeza kitunda cha f hadi f4 ili amzibe askofu huyo. Njia moja imezibwa kweli, lakini tazama mraba wa f2 ulioachwa wazi. Anand akala d4 kwa kitunda chake cha c, Aronian akalipiza kwa kitunda cha e, na mraba wa e3 nao ukabaki mtupu. Sasa kati ya c5 na mfalme aliyeko g1 pamesalia kizuizi kimoja tu, nacho ni kitunda cha d4.

Hapo Anand akamhamisha askofu kutoka d6 hadi c5, mahali ambapo kitunda hicho kinaweza kumla. Kikimla, farasi wa d7 atalipiza hapo c5, na safu ya d itakuwa wazi kwa malkia kushuka hadi d4 na kutoa cheki. Aronian hakukubali, akamrudisha askofu wake e2 ili amshambulie farasi wa g4. Jibu la Anand ndilo ninalolipenda kuliko yote: farasi wa pili akaenda e5. Simama hapa uhesabu. Ngome ya f8, askofu wa c5, farasi wa e5 na farasi wa g4, wote wanne wanaweza kuliwa, na kwa sehemu kubwa Anand alikuwa ameyaandaa haya nyumbani, kwa hiyo usidhani kwamba alikuwa akibahatisha.

Fuata njia moja ujionee. Kitunda cha f4 kimle farasi wa e5. Malkia mweusi anakula d4 kwa cheki, na mfalme anakimbilia h1. Malkia anaruka hadi g1, jirani kabisa na mfalme! Mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c5 anamlinda kutoka mbali, kwa hiyo ngome nyeupe inalazimika kumla, na kwa kufanya hivyo inauziba mlango wa mwisho wa mfalme wake. Farasi wa g4 anashuka f2, na ni chekimeti: mfalme ametishiwa na hana pa kukimbilia.

Aronian aliliona hilo, akamla farasi wa g4 kwa askofu. Askofu mweusi akala d4 kwa cheki, mfalme akaenda h1, Anand akala g4 kwa farasi wake wa e5, na farasi mweupe wa h7 akaila ngome ya f8. Nyeupe sasa anaongoza kwa ngome nzima. Farasi aliyeko f8 angeweza kuliwa, na sina shaka kwamba wewe na mimi tungemla bila kufikiri mara mbili. Anand akasogeza kitunda hadi f5. Kitunda hicho kinamlinda farasi wa g4, kinauziba mshazari, yaani njia ya pembe kwa pembe, ambao malkia mweupe aliutumia kutoka c2 kuitazama h7, na kinamzuia farasi wa c3 asiende e4 kumziba askofu wa b7. Maaskofu wawili weusi sasa wanamtazama mfalme kwenye mishazari miwili. Wachambuzi wengi wameufananisha mpangilio huu na ule wa Akiba Rubinstein alipomshinda Rotlewi huko Łódź mwaka 1907, naye akiwa na kete nyeusi na farasi wake akiwa g4 vilevile.

Tishio lilikuwa malkia mweusi kwenda h4. Kwa sababu hiyo Aronian alimrudisha farasi wake kutoka f8 hadi g6 ili ailinde h4. Anand akamshambulia kwa malkia kutoka f6. Aronian akasogeza kitunda hadi h3. Malkia akamla farasi. Kitunda cha h3 hakikuthubutu kumla farasi wa g4, kwa maana malkia angekwenda h6 na mchezo ungeisha papo hapo. Malkia mweupe akaenda e2, mweusi h5, akitishia kukila kitunda cha h3. Aronian akampeleka malkia wake d3, hatua nzuri kwa kweli, kwani kutoka hapo anailinda h3 na wakati huohuo anamshambulia askofu wa d4.

Hatua ya 23 ya Anand ilikuwa askofu kutoka d4 hadi e3. Askofu ameondoka kwenye hatari, amesimama katikati ya njia ambayo malkia mweupe alikuwa akiilinda h3, na bado anaifunga g1. Malkia mweusi akila h3, kitunda cha g2 hakiwezi kumla, kwa kuwa askofu wa b7 amekikandamiza mbele ya mfalme wake: kikisogea, mfalme anabaki wazi kwa askofu huyo. Aronian akakubali kushindwa.

Nimekuachia mambo mawili uyatafute mwenyewe. La kwanza, kwa nini mwishoni kitunda cha h3 hakiruhusiwi hata na sheria za mchezo kumla farasi wa g4. La pili, nini kingetokea kama askofu wa c1 angemla askofu wa e3. Usitumie programu ya simu. Zisogeze kete kwa mkono wako, kisha uniandikie majibu hatua kwa hatua katika barua yako ijayo, pamoja na mchezo mmoja ulioshindwa baada ya kutoa kete, ili tuuchambue kwa namna hii hii.

Akupendaye,
Mama yako