Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC, Tume ya Uchaguzi ya Kenya: Anayejiita mwanajeshi aulizwe karatasi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, nikiwa mwalimu mstaafu na mpiga kura ambaye hajawahi kukosa foleni. Sikuandikii habari ya mipaka wala ya mashine za vidole. Hayo yana wengi wa kuyasemea.

Alasiri moja mwezi uliopita tulikuwa Mkunguni, mbele ya Ngome, tunacheza dhumna. Akaja bwana mmoja anayetaka kiti mwaka 2027. Jina lake silitaji, wala kiti chenyewe, kwa sababu yeye si wa kwanza na hatakuwa wa mwisho. Alivaa kofia ya kijani iliyopauka na mabuti mazito, kwa joto lile. Hakugusa maji, hakugusa hospitali. Alianzia jeshini. Alisema amelala msitu wa Boni sisi tukilala vitandani, na kwamba mtu aliyewahi kupigwa risasi hawezi kutishwa na watu wa karatasi huko kaunti.

Pembeni yangu alikuwa mjomba wangu, aliyetumikia Jeshi la Wanamaji miaka 19, Mtongwe, akiwa mpishi. Akaweka kete yake chini, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, Eldoret ulifuzu mwaka gani?"

Bwana yule akatabasamu. "Hayo, mzee wangu, ni siri ya serikali."

Mjomba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Gwaride la makuruta Eldoret huonyeshwa kwenye televisheni, Rais amesimama jukwaani, wazazi wanapiga vigelegele. Siri iko wapi? Lakini Mheshimiwa, nilitazama nyuso za wengine waliokuwa pale. Hawakucheka. Vijana wawili watatu walitikisa vichwa kwa heshima, kama wanaosema huyu kweli ameona mambo. Neno "siri" lilimfanyia kazi kuliko cheti ambacho angetuonyesha.

Huenda huko Nairobi hili likaonekana dogo. Hapa kwetu si dogo. Mwaka 2011 watalii walitekwa Kiwayu na Manda, na Oktoba mwaka huo majeshi yetu yakavuka kuingia Somalia. Wavuvi wetu wakakatazwa bahari usiku, marufuku iliyokaa miaka, na mvuvi asiyevua usiku ni nusu mvuvi. Juni 2014 watu zaidi ya 60 wakauawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Septemba 2015 ikaanzishwa oparesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab msituni. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda Bay, iliyoko bara, si mbali na kisiwa chetu, ikashambuliwa alfajiri na Wamarekani watatu wakafa. Watoto waliozaliwa wakati huo wote wamekua wakiona basi la kwenda Garsen likisindikizwa na askari. Mtu akisimama mbele ya watu waliopita hayo akasema "mimi nilikuwa mwanajeshi," anagusa donda. Kura inatoka hapo hapo.

Na tabia ya kujipachika vitani ni ya zamani kwetu, nakiri. Vita vya Shela vilipiganwa yapata mwaka 1812, na hadi leo hukosi mtu barazani anayedai babu wa babu yake alikuwa mstari wa mbele. Lau wote hao walikuwapo, majahazi ya Mombasa yasingepata hata mchanga wa kuteremshia watu. Lakini babu wa mtu hagombei kiti.

Ombi langu ni hili. Sitaki utumishi wa jeshi uwe sharti la kugombea. Katiba haisemi hivyo na isije ikasema. Nataka mgombea anayeutumia utumishi huo kuombea kura, kwenye bango, redioni au jukwaani, atie saini karatasi moja ya kuiruhusu Wizara ya Ulinzi ithibitishe mambo manne tu: aliingia lini na akatoka lini, alitoka na cheo gani, alikuwa kikosi gani na kazi yake ilikuwa nini, na aliondoka kwa njia gani. Majibu yabandikwe pale pale mnapobandika majina ya wagombea. Asiyetaka kutia saini asilazimishwe, ila nanyi mtuambie hakutia.

Nasisitiza kikosi na kazi kwa sababu huku kwetu kila mwenye bunduki huitwa askari, na kila askari akistaafu anaweza kujiita mwanajeshi. Kuna KDF, yaani jeshi lenyewe, kuna GSU, kikosi maalumu cha polisi, kuna polisi wa mpakani, na kuna polisi wa akiba, vijana wa vijiji ambao hupewa silaha kulinda kwao. Wa akiba wengine wameona hatari kubwa kuliko askari aliyekaa stoo akihesabu magodoro. Basi aseme hivyo: nilikuwa polisi wa akiba Basuba. Nitampa mkono. Mpishi naye hana la kuonea haya. Mjomba akiulizwa alipigana na nani hujibu, "Nilipigana na ugali wa watu mia mbili, na sikushindwa hata siku moja."

Wenzetu wa Marekani wamelichezea jambo hili muda mrefu, na tunaweza kuchuma kwao bila kulipa gharama waliyolipa. Kule aliyetoka jeshini hupewa fomu inayoitwa DD-214, yenye tarehe zake, cheo chake na namna alivyoachishwa, na mtu wa nje anaweza kuomba taarifa za msingi za utumishi wake. Mwaka 2022, huko Ohio, J.R. Majewski aligombea Bunge akijinadi kuwa alipigana Afghanistan. Shirika la habari la AP likatafuta rekodi zake, zikaonyesha alikaa miezi sita Qatar akipakia ndege mizigo. Kupakia ndege ni kazi halali kabisa, na lau angeisema hiyo, nani angemlaumu? Chama chake kikaondoa matangazo yake, naye akashindwa.

Kisa cha Tim Walz, aliyegombea umakamu wa rais mwaka 2024, ni kigumu zaidi, na ndicho ninachokipenda. Alitumikia Walinzi wa Taifa, jeshi lao la akiba, miaka 24, akastaafu 2005 ili agombee Bunge, na kikosi chake kikaenda Iraq baadaye. Wapinzani wakasema alikimbia. Aliwahi pia kusema juu ya silaha "nilizobeba vitani", ilhali vitani hakufika. Kampeni yake ikakiri kwamba ulimi uliteleza. Tena kulikuwa na cheo alichokishika mwishoni na cheo cha chini yake alichostaafia, kwa kuwa hakumaliza masomo yanayotakiwa. Aliyemshambulia, JD Vance, mpinzani wake wa kiti hicho hicho, alikuwa Iraq kweli na kikosi cha Marines, kazi yake ikiwa ya habari. Walibishana wiki nzima, maneno makali. Lakini angalia walichobishania: maana ya tarehe. Tarehe zenyewe hazikuwa na ubishi, zilikuwa mezani. Sisi hapa tunabishana kama mtu aliwahi kuvaa buti.

Wamarekani wametuonyesha na upande wa pili wa upanga. Mwaka huo huo wa 2022 Jeshi la Anga lao lilikiri kutoa faili la mgombea wa Indiana, Jennifer-Ruth Green, bila idhini yake, na ndani yake mlikuwa na habari ya kudhulumiwa kwake kijinsia akiwa kazini. Mwaka 2025 faili la Mikie Sherrill, aliyekuwa rubani wa jeshi la wanamaji akigombea ugavana wa New Jersey, lilitolewa karibu lote, namba yake ya hifadhi ya jamii ikiwemo, kwa mtu wa upande wa mpinzani wake. Ndiyo maana nasema mambo manne na saini yake mwenyewe. Afya ya mtu isiguswe, familia yake isiguswe, na habari za doria na oparesheni zibaki zilipo.

Lile la nne, namna ya kuondoka, najua lina mwiba. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 Jeshi la Anga lilivunjwa, na wengi wakafukuzwa ambao mkono wao haukuwamo. Baadhi yao mahakama zimekuja kuwapa haki uzeeni. Karatasi ya mtu kama huyo ikisomwa kavu itamsingizia. Basi mwachieni nafasi ya mistari mitano aeleze mwenyewe chini ya jibu la wizara, na sisi tutasoma yote mawili.

Tena kuna watu ambao kwao swali si kama mgombea alikuwapo, bali alipokuwapo alifanya nini. Meja Jenerali Joseph Nkaissery alipopendekezwa kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Desemba 2014, watu wa Pokot Magharibi waliikumbuka oparesheni ya Nyundo ya 1984, ya kuwapokonya silaha, ambayo wanasema yeye aliiongoza, miaka 30 baadaye. Muulize mzee wa Mangai, Muaweer, yaani wa jamii ya msitu wa Boni, askari ni nani. Atakuambia ni yule aliyeleta dawa zahanati ilipofungwa, na ni yule yule aliyemkataza kuingia mwituni kurina asali. Mzee huyo akiletewa mgombea anayesema "nililinda Boni," ana haki ya kujua alilinda mwaka gani, akiwa na kikosi gani. Maswali mengine atayauliza mwenyewe, hahitaji Tume imsaidie.

Sheria zipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu, huku ikilinda usalama wa taifa na faragha ya mtu. Nilijaribu. Niliandika kwa mkono, kurasa mbili, nikapeleka ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akanigongea muhuri kwenye nakala yangu, akaniambia nirudi. Nimerudi mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Mwalimu, kwani huyo mtu amekukosea nini?" Hajanikosea chochote. Ameniomba kura.

Shahada ya chuo hamuichukulii kwa mdomo. Mwaka 2022 ya Johnson Sakaja, aliyegombea ugavana wa Nairobi, ilifika hadi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na mahakamani, nchi nzima ikajua jina la chuo kilichoko Uganda. Sisemi mambo yaende kwa kelele zile. Nasema mtu akijisifu kwa cheti cha aina moja anaulizwa, na akijisifu kwa cheti cha aina nyingine anapigiwa saluti. Mantiki hiyo ningemsahihishia mwanafunzi wa darasa la saba kwa kalamu nyekundu.

Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla, kwa hiyo hata anayetoka kambini sasa hivi karatasi zake zitakuwa tayari kabla ya uteuzi. Naomba jibu la wizara litoke kabla ya kampeni kuanza, si wiki ya mwisho, maana wiki ya mwisho hata ukweli hutumiwa kama matope.

Nimekaa na mjomba jana usiku nikamwomba anionyeshe cha kwake. Anakiweka kwenye mkebe wa biskuti, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na picha moja na hati ya nyumba. Kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka, na muhuri umebaki duara tu. Tarehe mbili, cheo, na kwenye mstari wa tabia maneno mawili: nzuri sana. Nilitaka nikipige picha niiambatanishe na barua hii. Amekataa. Anasema mkitaka kukiona mje Amu, kahawa ipo, lakini mkebe hautoki nyumbani.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Langoni, Amu