Waulizeni pia kuhusu kujiua

Mhariri,

Tangu hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011, vijana wengi wa Dar es Salaam wameachana na heroini. Mdogo wangu ni mmoja wao, nasi kama familia tunashukuru sana. Kila asubuhi anapanga foleni dirishani, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Naomba pale dirishani aulizwe na jambo jingine: je, umewahi kuwaza kujiua?

Mraibu wa heroini yuko kwenye hatari hiyo kuliko watu wengine. Kuna arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa heroini, kuna sonona, kuna ndugu waliokwisha kumkatia tamaa. Wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani au kukatisha matibabu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu akirudia heroini mwili haukihimili tena kiasi ulichozoea. Akifa, mara nyingi familia haijui kama ilikuwa bahati mbaya au alikusudia.

Wapo wanaohofia kwamba ukimuuliza unampa wazo. Si kweli, wengi hupata nafuu wakiulizwa waziwazi bila kuhukumiwa. Lakini atasemaje ukweli wakati kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai? Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Bunge letu lifute cha kwetu.

Na naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini, tupewe na sisi ndugu tukafundishwe kuitumia. Usiku wa manane ni sisi tulio naye nyumbani.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam