Barua ya wazi kwa Naibu Msajili, Mahakama Kuu, Mbeya: Aliyekimbia mnada alipe pengo

Mheshimiwa Naibu Msajili,

Mtaani kwetu Mwanjelwa kuna nyumba iliyopigwa mnada mara mbili kwa deni lilelile. Mara ya kwanza jamaa alipandisha dau mpaka wenzake wakanyamaza, dalali akamtangaza mshindi, kisha hela haikuonekana. Mara ya pili watu walikuja wachache, tena wakiulizana yule wa kwanza alikimbia nini. Bei ikaporomoka. Mdaiwa, mama anayeuza mchele wa Kyela, akapoteza nyumba na deni likabaki.

Sheria haikumsahau mama huyu. Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inamtaka mnunuzi aliyetangazwa alipe asilimia 25 ya bei palepale, na kilichobaki ndani ya siku 15. Asipotoa robo hiyo, mali inanadiwa tena. Akiitoa akashindwa kumalizia, robo yake, baada ya kukatwa gharama za mnada, inaweza kutaifishwa. Yaani inakwenda Serikalini, haimpunguzii mdaiwa hata shilingi.

Wengi huku hudhani mambo yanaishia hapo. Kumbe bei ikishuka kwenye mnada wa marudio kwa sababu yake, pengo na gharama vinadaiwa kwake huyo aliyekimbia, na mdaiwa mwenyewe ana haki ya kuiomba mahakama imbane. Tuseme dau la kwanza lilikuwa milioni 60 na la pili milioni 42. Milioni 18 hizo ni zake kulipa. Nani huwa anamweleza mdaiwa? Dalali anawaza kamisheni, na mdaiwa siku hiyo anahangaika kutoa vitanda nje.

(Minada ya benki inayouza rehani bila kupita mahakamani naiacha; ina utaratibu wake.)

Naomba madalali wa mahakama waagizwe kusoma masharti haya kwa kipaza sauti kabla ya dau la kwanza, na wasifunge mnada kabla ya kuiona robo. Kubwa zaidi ni taarifa ya pengo. Sheria inamtaka anayeendesha mnada aithibitishe kwa mahakama. Basi isibaki kwenye jalada: mdaiwa apewe nakala mkononi, na aambiwe kwa Kiswahili aipeleke dirisha gani.

Mkazi wa Mwanjelwa, Mbeya