Simu ikiibwa, wahi laini kwanza

Mhariri, naomba nafasi niongelee hii ishu ya simu kukwapuliwa hapa Dar, maana kila mtu anawaza bei ya simu tu wakati hasara kubwa iko kwenye laini. Wengi tumeweka paswedi kwenye skrini tunajiona tuko salama, kumbe mwizi anachomoa laini anaitia kwenye kiswaswadu chake, zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji zinamfikia yeye, dakika chache ameshaingia WhatsApp yako anawapiga mizinga ndugu zako eti umelazwa watume hela haraka. Inauma sana jamani.

Dawa ipo na ni bure, weka PIN kwenye laini yenyewe, ikihamishiwa simu nyingine lazima iidai, na ikikosewa mara 3 inajifunga mpaka uweke PUK, yaani namba ya kuifungulia laini. Naomba mitandao ya simu iwaagize mawakala, ukishasajili laini kwa alama za vidole wakuelekeze uiweke mwenyewe palepale kabla hujaondoka. Na wauza simu waandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye risiti (bonyeza *#06# inatokea), maana ndiyo inayotumika kuifungia simu ikishaibwa.

Msomaji, Temeke