Karabai ya marehemu baba na suala la sadfa

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji wa Malindi anayeshikilia kwamba duniani hakuna sadfa, na kwamba tungelijua yote tungelitabiri yote. Nimefundisha fizikia hapa Lamu miaka 29 na kwa muda mrefu nilikuwa upande wake. Ushahidi wangu ulikuwa bahari: bamvua na maji mafu hujulikana mwaka mzima kabla, nahodha hahitaji ramli. Dadu ya ludo nayo, ukijua mkono umeirusha vipi na meza ikoje, haina siri. Hata mvua inayomwaibisha mtabiri wa hali ya hewa, kosa ni la vipimo vyetu, kwani tofauti ndogo ya leo huwa kubwa wiki ijayo. (Mimi barazani hucheza bao. Ukifungwa, umefungwa na akili yako.)

Kilichonigeuza ni karabai ya marehemu baba, aliyokuwa akivulia usiku. Vile visoksi vya zamani vinavyowaka ndani yake vilitiwa thoriamu, metali inayotoa mionzi, ili mwanga uwe mweupe. Siku moja nilikipeleka kimoja darasani, bado kimo pakitini, nikakisogezea kifaa cha kuhesabia mionzi, ambacho hulia kinaponasa mnururisho wa atomu iliyovunjika. Tik. Tik-tik. Kimya. Tik. Nikawaambia wanafunzi wapige kofi kabla tu ya mlio. Walishindwa wote, hata kijana mmoja mpiga matwari wa Maulidi, ambaye sijaona mwendo wa ngoma unaompotea.

Hesabu ya jumla twaijua: nusu ya thoriamu huvunjika katika miaka bilioni 14. Lakini kwa nini atomu hii ivunjike leo, na jirani yake iliyo sawa nayo kwa kila hali ibaki? Hakuna cha kupima kinachozitofautisha.

Einstein hakuridhika. Mwaka 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kwamba Mungu hachezi dadu. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell akaonyesha kwamba ikiwa chembe mbili zilizotoka pamoja hubeba majibu yao ya vipimo tangu zinapoachana, basi kulingana kwa majibu hayo kuna mpaka. Alain Aspect alipima Ufaransa mwaka 1982, mpaka ukavukwa: majibu hayakuwa yamebebwa hivyo tangu mwanzo. Yeye, John Clauser na Anton Zeilinger wakapewa Nobel mwaka 2022. Wapo ambao bado wanatafuta sababu iliyojificha, ila sababu yao yabidi ifike mbali papo hapo, na hilo halinishuki kooni.

Shekhe jirani yangu aliniuliza, "Na kadari je, Mwalimu?" Nikamwambia sisemi juu ya elimu ya Mola, nasema juu ya vipimo vya binadamu. Akanyamaza, akajimiminia kahawa nyingine.

Msomaji wa Malindi akipita Lamu, kisoksi ningali nacho ndani ya kopo la maziwa. Kifaa nitakiazima. Yeye aje na viganja vyake tu.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu