Mwanangu, lile sweta la kahawia

Mwanangu, nakuandikia kwa sababu kwenye simu najua nitaishia kulia tu na salio litakata. Juzi uliporudi bweni nlikuwa napanga kabati lako nikakutana na lile sweta la kahawia nililokununulia Kariakoo ukiwa la tano, viwiko vimechakaa, afu kule mwisho wa mikono kuna matundu ya vidole vyako, kwa vile ulivyokuwa unavuta vuta ufunike viganja. Nimekaa nalo kitandani muda mrefu sana.

Joto hili la Dar, mwezi wa pili, mtoto kavaa sweta. Na aliyekuvalisha ni mimi.

Nlikuwa naogopa macho ya watu mama. Siku ile kwenye daladala ya Mbagala yule dada alivyoona mabaka meupe mikononi mwako akahama siti, konda naye chenji yako akaiweka kwenye kiti badala ya kukupa mkononi, ukaiokota kimya ukaniangalia mimi, nami nikageukia dirishani. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, kwamba uliniangalia. Kesho yake nikaenda kununua sweta. Mi nlidhani nakukinga, kumbe we ulichoelewa ni kwamba hata mama anaona aibu.

Na daktari alishatuambia vizuri tu, ni vitiligo, kinga ya mwili inashambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, haiambukizi, si kwa kushikana mikono si kwa kula sahani moja, na hakuna aliyekuroga. Nikaitikia ndiyo ndiyo, nikarudi nyumbani nikasikiliza majirani mpaka tukafika kwenye ile dawa ya chupa iliyokubabua shingo. Nisamehe na hilo. Tuliambiwa habari za krimu, za mionzi ya mwanga, na losheni ya jua maana mabaka yanaungua haraka, ila hakuna aliyekuuliza wewe moyoni unaendeleaje, hata mimi sikuuliza. Kila ukioga nahesabu mabaka. Sikuona kwamba kwenye picha unasimama nyuma ya wenzio, na harusi ya mamdogo ulivyosema hina inakuwasha mwanangu nlijua kabisa haikuwashi, nikanyamaza.

Afu ile jioni ukaniletea simu, picha ya Winnie Harlow, modo wa Kanada, mabaka yalimuanza na miaka 4 tu, ukasema mama ona, hajifichi. Nikakujibu wale wa mbele wana maisha yao. Ukazima simu ukaenda kulala. Leo ndo naelewa ulikuwa unaniomba ruhusa.

Sweta nimelifua nimelirudisha kabatini, ni lako, ukitaka utavaa usipotaka basi. Mi likizo ya mwezi wa sita nitakuja kukupokea stendi mwenyewe, na nitakushika mkono toka unashuka kwenye basi mpaka tunafika nyumbani. We niambie tu mtaondoka huko saa ngapi.

Mama yako